Kaa wa mito ya Amerika: je, ni ndugu wa kaa wetu, na hizo spishi mpya zinatoka wapi?

Swali: Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari wilayani Muheza. Wanafunzi huniletea kaa wa mtoni, na juzi mjadala ulinishinda. Kitabu kimoja kinasema kaa wa maji baridi wa Amerika ya Kusini na wa Afrika walikuwa jamii moja, wakatenganishwa mabara yalipoachana. Ni kweli? Halafu kila mara nasikia kwamba Brazil au Colombia wametangaza spishi mpya ya kaa. Inawezekanaje mnyama mkubwa kama ngumi, ambaye watu wanamwona na kumla miaka yote, awe hajulikani? Au wataalamu wanakata kitu kimoja vipande vipande ili wapate la kuchapisha?

Jibu: Mwalimu, salaam. Hilo la mwisho lina pilipili kidogo, lakini una haki ya kuliuliza, na nitalifikia. Kwa sasa niseme tu kwamba kwa kaa wa Amerika ya kitropiki kosa kubwa limekuwa la upande wa pili: wanyama tofauti wamewekwa kapu moja kwa sababu magamba yao yanafanana. Kufanana huko huko ndiko kulikozaa pia ile habari ya udugu uliyoisoma kitabuni.

Kwanza tuache kusema "kaa wa maji baridi wa Amerika" kana kwamba ni ukoo mmoja. Toka Mexico hadi Argentina zipo koo mbili kubwa. Ya kwanza ni Pseudothelphusidae, yenye spishi takriban 300. Hawa ni watu wa milimani: Mexico, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi, safu za Andes hadi Peru na Bolivia, na upande wa kaskazini wa Brazil. Wengi utawakuta kuanzia mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na wapo wanaokaribia mita 3,000. Uwanda wa Bogotá, ulio kwenye mita 2,600, una kaa wake, Neostrengeria macropa, anayeishi kwenye baridi ambayo wengi hawaitegemei kwa kaa. Ukimweka mmoja wa ukoo huu mezani pamoja na Potamonautes (jenasi ya kaa wa mtoni wa Afrika) wa kijito cha Usambara, wanafunzi wako watasema ni kitu kimoja: gamba pana, rangi ya kahawia, gando moja kubwa kuliko jingine. Baadhi yao wamezoea nchi kavu kiasi kwamba chumba cha matamvua kimegeuka mapafu. Kaa wa milimani wa Trinidad amechunguzwa sana kwa jambo hilo, na mapafu yake yana njia za hewa zilizotawanyika vizuri kwa mnyama wa namna yake.

Ukoo wa pili ni Trichodactylidae, spishi takriban 50. Wao ni wa nyanda za chini: Amazon, Orinoco, Paraguay na Paraná, na vijito vya pwani ya Brazil, kwa kawaida chini ya mita 300. Miguu yao imekuwa bapa na ina nywele pembeni, nao huogelea vizuri. Kule Pantanal, eneo la kinamasi la Brazil, wavuvi hutumia mmoja wao, Dilocarcinus pagei, mwenye wekundu, kama chambo. Koo hizi mbili hazikutokana na babu mmoja wa mtoni. Kila mmoja ulitoka baharini kwa safari yake, kama majirani wawili waliohamia mtaa mmoja wakitokea mikoa tofauti.

(Ukienda kusini zaidi, Chile na Argentina, utaonyeshwa viumbe wa jenasi Aegla, na wenyeji wengi watawaita kaa. Si kaa wa kweli. Jamaa zao wa karibu zaidi wako upande wa wale wanaojificha ndani ya makombe ya konokono ufukweni. Nawataja ili usije ukaulizwa darasani ukakwama tena.)

Sasa Gondwana, lile bara kuu la kale ambamo Amerika ya Kusini na Afrika zilikuwa zimeshikana. Ni hadithi tamu, na kwa miaka mingi ilielezea kila kitu: kaa wa mtoni hawavuki bahari, wako Amerika, Afrika na Asia, basi bila shaka walikuwapo kabla mabara hayajaachana. Shida yake ya kwanza inaonekana kwenye ramani tu, hata kabla ya vinasaba. Kama Pseudothelphusidae wangekuwa urithi wa enzi ambayo Brazil ilikuwa imeshikana na Afrika, tungetegemea kuwakuta kwa wingi upande wa Brazil unaotazamana na Cameroon na Angola. Sivyo. Wamejazana Andes, Amerika ya Kati, Mexico na Karibi, yaani upande ulioipa Afrika mgongo. Mashariki ya Brazil karibu yote iko mikononi mwa Trichodactylidae, na hao hawana jamaa Afrika.

Vinasaba vikaja kulipigilia msumari. Mwaka 2014 ulichapishwa mti wa nasaba wa kaa wa kweli uliotumia zaidi ya spishi 140 kutoka familia 58. Ulionyesha kwamba kaa wa maji baridi wametokea angalau mara mbili, kila mara kivyao, na kwamba walitengana na jamaa zao wa baharini miaka milioni 135 hivi iliyopita, wakati Pangaea, bara moja la kale lililojumuisha mabara yote, imeshavunjika zamani. Kwa hesabu hiyo watafiti wale waliona asili ya Gondwana haina mashiko. Kazi nyingine kubwa ya mwaka 2024 ilitazama kaa wote walioacha bahari, wakiwamo wa mikoko na wa nchi kavu, ikahesabu kwamba hama-hama hiyo imetokea angalau mara 7, na pengine mara 17. Kwa hiyo kaa wa Usambara na kaa wa Andes ni jamaa wa mbali, ambao huenda wamefanana kwa sababu kazi ya kuishi kwenye kijito chenye mawe inataka umbo la namna moja. Darasani ningesema: undugu upo, ila haukukatwa na bahari ya Atlantiki.

Utauliza: kama hawavuki bahari, visiwani walifikaje? Jibu ni kwamba huvuka, mara chache mno. Dominica, Martinique na Guadeloupe ni visiwa vya volkano ambavyo havijawahi kuungana na bara lolote, lakini vijito vyake vina Guinotia dentata, kaa wa maji baridi halisi. Lazima kuna waliofika juu ya magogo au mafungu ya miti yaliyosombwa na mafuriko. Nasi tunao mfano wetu jirani. Shelisheli kuna kaa wa jenasi Seychellum, na jamaa yake wa karibu ni Deckenia, yule wa madimbwi ya nyanda za pwani ya Kenya na Tanzania. Mawe ya itale ya Shelisheli ni kipande halisi cha Gondwana, kwa hiyo kila mtu aliamini kaa yule alibaki humo tangu zamani. Vinasaba vilionyesha kwamba alivuka maji baadaye sana. Na kuna jambo la pili: aliyedhaniwa kuwa spishi moja, Seychellum alluaudi, mwaka 2014 aligawanywa katika spishi tatu, kila moja na visiwa vyake.

Hapo ndipo maswali yako mawili yanapokutana. Kinachofanya kuvuka kuwa kwa nadra ndicho kinachozalisha spishi nyingi zinazofanana.

Kaa wa baharini hutaga mayai kwa maelfu kwa maelfu, yakaanguliwa mabuu yanayoelea na mkondo kwa wiki kadhaa. Kaa wa Lamu na wa Mtwara wanaweza kuchangia damu bila kuonana. Kaa wa mtoni ameifuta hatua hiyo. Jike hutaga mayai machache, makubwa, yenye kiini kingi. Huyabeba chini ya mkia uliokunjwa. Na kinachotoka ndani ya yai ni kaa kamili, mdogo kama punje ya mtama, ambaye hukaa tumboni pa mama siku kadhaa kabla ya kushuka. Trinidad wanamwita kaa wao "manicou", jina la mnyama wa kule anayebeba watoto. Mtoto huyo akishuka, atakua hatua chache kutoka alipozaliwa. Mlima ukiinuka katikati, au bonde kati ya vijito viwili likikauka, jamii mbili hazionani tena. Zidisha hali hiyo kwa safu tatu za Andes ndani ya Colombia na mabonde yake yote, utaelewa kwa nini nchi hiyo peke yake ina zaidi ya spishi 100 za kaa wa maji baridi, wengi wao hawapatikani popote pengine.

Lakini gamba halibadiliki sana. Kijito cha mlimani ni kijito cha mlimani. Basi mtaalamu anamtofautishaje mmoja na mwingine?

Chukua dume lililokomaa, uligeuze chali. Fungua mkia ule mwembamba wenye umbo la pembetatu uliobanwa kwenye kifua. Chini yake utaona vijiti viwili vigumu vilivyolala vikielekea mbele: hizo ni gonopodi, viungo ambavyo dume huvitumia kumpitishia jike manii. Ng'oa kimoja kwa koleo dogo, kiweke chini ya hadubini, tazama ncha yake. Kwa Pseudothelphusidae ncha hiyo ni ulimwengu mzima: kuna vikunjo, pembe, ukingo uliochongoka kama msumeno, na katikati uwanja mdogo wa miiba ambapo mfereji wa manii unafunguka. Spishi mbili ambazo magamba yake huwezi kuyatenganisha zinaweza kuwa na ncha tofauti kabisa. Mmarekani Alfred Smalley alipendekeza mwaka 1964 majina ya sehemu hizo ili wataalamu waelewane, na Gilberto Rodríguez wa Venezuela akajengea juu yake mpangilio mzima wa kaa hawa wa Amerika katika vitabu vyake vya mwaka 1982 na 1992. Martha Campos nchini Colombia na Célio Magalhães kule Manaus, Brazil, wametaja spishi nyingi kwa njia hiyo hiyo. Kabla yao, Mary Rathbun, aliyechapisha kazi yake kubwa kati ya 1904 na 1906, alikuwa na magamba mengi ya makumbusho na fursa ndogo ya kulinganisha ncha hizo.

Kwa hiyo jibu la "inawezekanaje hajulikani" limeanza kuonekana. Anayemla kaa hamgeuzi chali kwa hadubini. Na kama mtafiti alirudi na majike na watoto tu, hakuwa na cha kutazama. Chupa ikaandikwa jina la spishi ya jirani, ikawekwa rafuni.

Mfano ninaoupenda ni wa Ceará, kaskazini mashariki ya Brazil. Sehemu kubwa ya jimbo hilo ni caatinga, pori kavu la miiba na madungusi kakati, mahali ambapo kaa wa msitu hawezi kuishi hata msimu mmoja. Lakini humo imeinuka Ibiapaba, uwanda wa juu unaonasa mvua na kubeba kipande cha msitu mbichi, kimezingirwa na ukame pande zote. Mwaka 2005 kaa wa huko walitangazwa kwa jina la Fredius reflexifrons, spishi ya Amazon ya ukoo wa Pseudothelphusidae inayojulikana tangu karne ya 19. Ilionekana ajabu kidogo, kwa kuwa F. reflexifrons ni wa nyanda za chini sana, nao hawa wako mita mia sita na zaidi. Miaka 15 baadaye kundi jingine la watafiti liliwarudia, likatazama gonopodi upya na kusoma jeni iitwayo 16S. Ikawa ni spishi nyingine, jirani wa karibu wa yule wa Amazon kwa nasaba, ikapewa jina Fredius ibiapaba.

Hapa hatujapata jina tu, Mwalimu. Kaa anayeanguliwa akiwa kaa, asiyeweza kuvuka caatinga kwa miguu, yupo juu ya kilima kilichotengwa na jamaa zake kwa umbali mkubwa wa ardhi kavu. Njia pekee ni kwamba wakati fulani hapo katikati palikuwa na unyevu, misitu na vijito vilivyounganisha Amazon na kilima kile, kisha ukame ukaikata njia. Kaa amekuwa shahidi wa tabianchi ya kale, na ushahidi wake tusingeusoma kama tungeendelea kumwita kwa jina la binamu yake.

Kwa Trichodactylidae hali ni ngumu zaidi, maana gonopodi zao ni nyepesi, hazina mapambo ya kutosha. Trichodactylus fluviatilis alipewa jina na Latreille mwaka 1828, na tangu hapo karibu kila kaa mdogo wa kijito cha pwani ya Atlantiki ya Brazil aliitwa hivyo. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba chini ya jina hilo ipo zaidi ya nasaba moja.

Sasa pilipili yako. Ndiyo, wapo wanaogawa bila msingi. Katika karne ya 20 zilitajwa nususpishi nyingi (migawanyo ndani ya spishi moja) za kaa wa Andes kwa tofauti za rangi, ukubwa au meno ya ukingo wa gamba, mambo yanayobadilika kadiri kaa anavyokua, na baadaye majina mengi ya aina hiyo yalifutwa. Siku hizi kishawishi ni kingine: mtu anasoma kipande cha jeni moja kutoka kwa wanyama wachache, anaona tofauti ya asilimia kadhaa, anatangaza spishi. Mimi siko upande huo. Kwa mnyama asiyetembea, vijito viwili jirani vitatofautiana kijeni hata kama kaa wake wakikutana wangezaana vizuri. Ninataka kuona mambo mawili yakikubaliana, vinasaba na umbo, au vinasaba na mahali pamoja na mwinuko, kabla sijabadilisha lebo kwenye chupa. Ila gonopodi nayo isigeuzwe msahafu. Mwaka 2020 watafiti wa Mexico, Brazil na Costa Rica waliupitia upya ukoo wa Pseudothelphusidae kwa jeni kadhaa pamoja na umbo, na si makundi yote yaliyojengwa kwa gonopodi yaliyosimama. Kiungo cha uzazi nacho kinaweza kufanana bila udugu, kama gamba.

Kama mzazi atauliza faida ya haya yote, una majibu mawili yenye uzito. Peru na Ecuador, kaa wa Pseudothelphusidae hubeba mabuu ya Paragonimus mexicanus, mnyoo wa mapafu. Anayekula kaa mbichi au asiyeiva vizuri hupata kikohozi cha damu kinachoweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Si kila kaa ambaye ni mwenyeji mzuri wa mnyoo, kwa hiyo inabidi kujua ni kaa yupi yuko kijito kipi. La pili liko karibu na mlango wako. Mwaka 1950 van Someren na McMahon waliripoti kutoka Kenya kwamba mabuu wa usubi Simulium neavei, msambazaji wa upofu wa mtoni, huishi wakiwa wamejishikiza juu ya kaa. Kundi hilo hilo la usubi lipo milima ya Usambara, na kazi iliyofanyika Amani juu yake ilihitaji kujua kaa kwa majina. Mmoja wao, Potamonautes raybouldi, anayeishi kwenye mashimo ya miti yenye maji Usambara na Shimba Hills, alipewa jina la kisayansi mwaka 2004 tu. Nasi tunaishi naye siku zote.

Hali ya uhifadhi nitaigusia kwa tarakimu mbili. Tathmini ya dunia nzima ya mwaka 2009 ilizitazama spishi 1,280 za kaa wa maji baridi. Spishi 628, karibu nusu, ziliwekwa fungu la "taarifa hazitoshi". Spishi ikiwa na kijito kimoja, bwawa moja au shamba moja la dawa linatosha kuimaliza kabla haijatajwa.

Kuhusu kaa wanaoletwa na wanafunzi wako: wapige picha wakiwa hai, kwa sababu rangi hupotea kwenye spiriti. Dume moja au mawili yaliyokomaa yanatosha kwa kijito kimoja. Yahifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95, si formalini, maana formalini huharibu vinasaba na kazi yote ya jeni hufia hapo. Andika lebo kwa penseli, kwenye karatasi ngumu, uiweke ndani ya chupa. Wino huyeyuka, na lebo ya nje hubanduka. Lebo iseme jina la kijito, kinakomwagia maji yake, mwinuko, tarehe na aliyekamata. Majike na watoto warudisheni mtoni baada ya picha. Ndani ya hifadhi ya Amani msiokote chochote bila kibali cha TFS, wakala wa huduma za misitu. Chupa zikifika tano au sita, wasiliana na idara ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kuzituma, kwa sababu usafirishaji wa ethanoli kwenye basi una masharti yake.